Tangi la Mate

Kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, wanangu, nikiwa na akili timamu, cheti cha shule ya jioni ukutani na mke anayeniheshimu, niliamini kwamba kila binadamu huzaliwa na tangi moja la mate, na likiisha limeisha. Hakuna kujaza. Mungu amekupimia kama fundi anavyopimiwa rangi ya kupaka nyumba: ukirudiarudia ukuta wa mbele, wa nyuma utabaki mtupu. Mtu akimaliza mate yake, chakula kinashuka kizimakizima, ugali unakaa tumboni kama tofali, na haupiti muda majirani wanaanza kuulizana turubai la msiba liko kwa nani.

Mnacheka. Nawasikia mpaka hapa mtaani Gerezani, Kariakoo, nilipokaa naandika. Ninyi mafundi wapya wa maabara mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, na najua mlitegemea nianze na nidhamu na kuwahi. Kuwahi mtajifunza wenyewe siku basi la mwendokasi litakapowaacha kituoni. Mimi naanza na tangi, kwa sababu ninyi wengine mnaweza kuliona ni jambo la kuchekesha, lakini mwenzenu ndiye niliyekuwa nikitoa mate.

Kwa msionijua, mimi ni Elibariki Tarimo, nilikuwa fundi wa maabara ya kufundishia, idara ya baiokemia, katika chuo kimoja pale Upanga. Mhadhiri anaingia na mhadhara wake, mwanafunzi anaingia na koti jeupe lililopigwa pasi na mama yake. Aliyefika kabla yao akapika wanga, akachanganya iodini, akapanga mirija na kuhakikisha zoezi linakubali, huyo ni mimi. Siku hizi mna mashine inayonakili DNA huku ninyi mmekwenda kunywa chai, na pipeti za kubonyeza kwa dole gumba kama kalamu. Sisi tulinyonya kwa mdomo. Nimeonja kemikali nyingi kuliko chumvi, na kama nisingekuwa na kifua cha Kichaga mngekuwa mnasoma wasifu wa marehemu na si barua yangu. Msije mkajaribu.

Nilishuka Dar kutoka Kilimanjaro kumsaidia kaka yangu Aminieli kwenye duka lake la vyombo, Kariakoo. Kwetu mtoto wa kiume akifika Kariakoo halafu asifungue duka, wazee hukaa kikao kujadili nani kamroga. Mimi duka lilinishinda. Mteja akiuliza beseni, namweleza kwa nini maji huganda. Kaka alinitazama siku moja akasema, "Elibariki, nenda kasome. Unanifukuzia wateja."

Basi jioni nikawa nakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja kwenda shule ya jioni, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamekaribia masikio. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa mtu mwema, ila kutwa nzima alikuwa amefundisha kwingine, kwetu anafika ameegemea ubao. Lakini mmeng'enyo wa chakula alitufundisha kwa ufundi. Mdomoni kuna mate, kwenye mate kuna kimeng'enya kiitwacho amilesi, na hicho ndicho kinachoukatakata wanga kuwa sukari. Alivyokuwa akieleza, darasa zima tulikuwa tunameza mate. Kisha muhula ukaisha. Hatukufika tumboni. Elimu yangu ya mmeng'enyo iliishia kooni, na kutoka hapo kwenda chini nilijua anachojua kila mtu.

Kwa elimu hiyo nikaajiriwa maabara, na nikaingia nimevimba kichwa.

Aliyenipokea ni Mzee Kibwana, fundi mkongwe, mtu wa pwani mzaliwa wa Kariakoo hasa. Kofia yake ya viua haikuwahi kupinda hata siku moja. Hakuwa mtu wa kufoka. Ukivunja bika, anakitazama kile kioo, anakutazama wewe, anasema, "Pole sana," na unajisikia vibaya wiki nzima.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupika wanga. Sikilizeni hapa, maana kuna mtu mwaka jana aliniambia wanga wake unakuwa na mabonge. Unga wa wanga usimwagwe kwenye maji ya moto. Uukoroge kwanza kwenye maji baridi kidogo mpaka uwe laini kama uji wa mtoto, ndipo umimine taratibu kwenye maji yanayochemka huku unakoroga, halafu uache upoe wenyewe. "Wanga," alikuwa akisema Mzee Kibwana, "haupikwi kama ugali. Ugali unapigwa. Wanga unabembelezwa."

Yeye pia ndiye aliyenifundisha kwamba umeme ukikatika katikati ya zoezi, huhitaji kupiga yowe. Chukua chupa ya chai, changanya maji ya moto na ya baridi, tia kiwiko. Maji yakiwa kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, hapo ndipo kimeng'enya kinapofurahi. Kiwiko cha Mzee Kibwana nilikipima kwa kipimajoto mara nyingi kwa siri, na nawaapia hakikuwahi kukosea hata nukta, au pengine nukta chache tu.

Sasa, zoezi la amilesi. Mnalijua: mate yanachanganywa na wanga kwenye mrija, na kila baada ya muda unachukua tone unalidondosha penye iodini, kwenye kile kigae cheupe chenye vishimo. Wanga ukiwepo, iodini inakuwa bluu-nyeusi. Amilesi ikifanya kazi yake, vishimo vinaanza kubadilika, zambarau, kahawia, mpaka mwishoni iodini inabaki na rangi yake, kama chai ya rangi iliyozimuliwa. Ni zoezi la mwanzo kabisa na ndilo zuri kuliko yote. Unaona kazi ya uhai kwa macho yako.

Tatizo ni mate ya nani. Zamani kila mwanafunzi alitema yake, ikawa vurugu. Huyu kanywa soda, yule kapiga mswaki sasa hivi, mwingine amefunga Ramadhani, mwingine binti wa watu anaona haya kutema mbele ya wavulana. Majibu yanatofautiana kama nyuso zao, na kwenye mtihani huwezi kusahihisha hivyo. Ndipo idara yetu ikajiwekea desturi yake: mtu mmoja anatema kwa niaba ya wote, mate yanachujwa, yanazimuliwa kwa maji safi, yanagawiwa sawasawa. Yaliitwa mate ya idara.

Mtoaji alikuwa Mzee Kibwana, tangu enzi na enzi. Mpaka asubuhi moja aliponisogezea bika tupu.

"Elibariki, leo utatema wewe."

"Kwa nini mimi, mzee wangu?"

"Mimi nimebakiza ya kula."

Nikadhani utani. Akavuta stuli, akakaa, akashusha sauti kama mtu anayesoma wasia. Akaniambia mate yana tangi. Kila mtu na lake. Ndiyo maana mtoto mchanga anadondosha udenda kutwa, tangi limejaa mpaka pomoni, na mzee anaamka kinywa kikavu, limeelekea chini. Akanipa na ushahidi: kabla yake maabara ile alikuwepo Mzee Sefu, naye alitemea idara mpaka akastaafu. "Unajua alimalizia maisha yake akila nini?"

"Nini?"

"Supu. Ugali haupiti. Wali haupiti. Supu, mpaka tumemzika."

Nikamuuliza, "Sasa mzee, mbona unanipa mimi?"

"Wewe kijana, tena umetoka milimani. Huko hewa baridi, hamtokwi na jasho. Tangi lako bado halijaguswa."

Wanangu, angeniambia hivyo mtu asiyesoma, ningempuuza. Lakini mimi nilikuwa nimesoma mpaka kooni. Mate yana amilesi, nilifundishwa. Amilesi inafanya kazi, niliona. Na kitu kinachofanya kazi kinachakaa. Angalieni sabuni. Angalieni matairi ya bajaji. Nikajiongezea mwenyewe ushahidi ambao hata Mzee Kibwana hakuwa nao, mpaka imani yangu ikawa imara kuliko ya mwinjilisti. Kwamba Mzee Sefu hakuwa na jino hata moja kinywani, hilo nilikuja kulisikia nikiwa nimeshaota mvi.

Kwa hiyo nikatema. Mungu anisamehe kwa majivuno, lakini mate yangu yalikuwa moto. Unadondosha tone la kwanza jeusi, la pili linasitasita, la tatu limeshaelekea kwenye chai. Wanafunzi wanapiga makofi. Wakaniita Mzee Mate ningali kijana. Napita kwenye ukumbi nasikia, "Shikamoo Mzee Mate!" "Marahaba, wanangu, someni." Nusu ya madaktari mnaowaona wakikatiza Upanga na vipimo shingoni wamesomeshwa na mdomo wangu. Nusu nyingine walikuwa hawajahudhuria.

Ila kila nikitema, roho inauma. Nilikuwa natoa sadaka ya uhai wangu na hakuna aliyejua, maana niliona aibu kuomba nihurumiwe. Nikaanza kubana matumizi kwa siri. Nikipita kumsaidia kaka dukani, akiniambia nifungue mifuko ya plastiki, wenzangu wanalamba kidole, mimi nafikicha mfuko mpaka mteja anaondoka. Nyumbani mke wangu, Mama Neema, akishona, ananipa sindano: "Baba Neema, lamba uzi huu uingie." Nakataa. Ananiangalia kama nimekataa kuhudhuria msiba. Kanisani niliacha kuimba besi, nikawa nafungua tu mdomo, mpaka mwalimu wa kwaya akaja nyumbani na wajumbe kuuliza nani kaniudhi.

Kubwa zaidi ilikuwa mishkaki. Mnaijua Kariakoo jioni, kila kona jiko limewashwa, moshi unakufuata mpaka ndani ya shati. Harufu ile ikiingia puani, mate yanajaa mdomoni yenyewe, na mimi nawaza: haya yanakwenda bure! Yangesomesha darasa! Nikawa napita pale nimebana pua kwa vidole.

"Una nini na mishkaki?" aliniuliza Mama Neema siku tukitoka sokoni.

"Moshi."

"Wewe uliyekulia jikoni kwa bibi yako, moshi?"

"Umri, Mama Neema."

"Umri wa nani? Tembea, watu wanatuangalia."

Mzee Kibwana akastaafu, akaniachia funguo na kiwiko. Mambo ya maabara nayo yakabadilika, kama mjuavyo. Zikaja mashine. Zikaja kozi za molekuli ambazo majina yake tu yanahitaji pumzi mbili. Kuna zoezi la kutoa DNA kwenye ndizi, kwa chumvi, sabuni ya vyombo na spiriti baridi ya kutoka jokofuni, na humo ndimo nilimopata heshima kubwa, maana mnunuzi wa ndizi za idara akawa mimi. Mchuuzi wangu Kariakoo alikuwa akiniuliza, "Mzee, leo za kula au za chuo?" Za kula nachagua ngumu. Za chuo nachagua zilizoiva mpaka zimepata madoadoa, laini, zinavunjika zenyewe. Nyuzi nyeupe zikipanda juu mle kwenye mrija, mwanafunzi anashika mdomo. Lakini amilesi haikufutwa. Ilibaki mlango wa kuingilia, na mlango ule ulikuwa mdomo wangu.

Halafu wakatufungia kiyoyozi.

Tulifurahi, nisiwe mnafiki. Maabara ile ilikuwa inatutokosa. Kiyoyozi kilipowashwa, koti langu la maabara lilishangaa. Lakini wiki ileile tukafanya zoezi la amilesi na mirija imesimama mezani kama siku zote, na mate ya idara yakachelewa. Tone jeusi. Tone jeusi. Wanafunzi wanapiga miayo. Yalikuja kubadilika, ndiyo, lakini kwa kujivuta, kama mtu anayepandisha ngazi na gunia la mchele.

Nilisimama pale nimeshika kigae. Nikajiambia, Elibariki, limebaki robo.

Mtihani wa vitendo ulikuwa unakaribia. Na binti yetu Neema alikuwa ameshachumbiwa, harusi iko njiani, pilau la harusi ya mwanangu wa kwanza, nami nione kwa macho tu? Nililala nikiwaza, nikaamka na ufumbuzi. Mtu akilamba kitu kikali, mate si yanachuruzika? Basi kikali ndicho kinachovuta mate kutoka kwenye kina, yale ya chini kabisa yaliyojificha kwenye pembe za tangi. Kwa akili ile ningeweza kupewa digrii ya heshima.

Nikaenda Kariakoo kwa mama mmoja anayeuza ukwaju, nikachagua mweusi, mkali, ule ambao ukiutazama tu jicho moja linafumba lenyewe. Siku moja kabla ya mtihani, ambayo ndiyo siku ya fundi kulijaribu zoezi peke yake, nikautia mdomoni donge kwa donge tangu kituo cha basi mpaka mlango wa maabara. Mate yakaja! Mafuriko! Yalitoka na rangi ya ukwaju, lakini nikayachuja kwa kitambaa, nikayachuja tena, yakatulia. Nikajaza bika kuliko wakati wowote wa ujana wangu. Nikacheka peke yangu. Nikachanganya na wanga, nikapanga iodini kwenye vishimo, nikadondosha.

Jeusi.

Sawa, mapema bado. Nikangoja, nikadondosha. Jeusi. Nikatia mirija kwenye maji ya uvuguvugu, nikaongeza mate, nikadondosha safu nzima ya vishimo mpaka mwisho wa kigae. Yote meusi, yamepangana yananitazama kama macho ya dagaa.

Nilikaa kwenye stuli. Nilikuwa nimetema tangi lote na hakuna kilichomo. Nikawaza ugali. Nikawaza ndizi za mama yangu. Nikatoa simu nikampigia mke wangu.

"Mama Neema, leo usipike ugali."

"Nipike nini?"

"Chochote kisicho na wanga."

"Basi napika wali."

"Wali ni wanga."

"Viazi."

"Wanga."

"Tambi?"

"Mama Neema! Pika mchicha."

"Mchicha na nini?"

"Na mchicha."

Akashusha sauti kabisa: "Baba Neema, wamekufukuza kazi?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

Nikakata simu, na hapo ndipo mlango ukafunguka akaingia Dokta Salma.

Dokta Salma ndiye aliyekuwa mhadhiri wa somo lile. Mtoto wa Kariakoo, nilimpokea maabara akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hijabu yake nyeupe na maswali mengi, akajifunza amilesi kwa mate yangu hayahaya, akaenda kusoma mbele, akarudi daktari wa falsafa. Si mtu wa maneno mengi. Wengine wakicheka, yeye anasubiri wamalize.

"Shikamoo, Mzee Tarimo. Zoezi limekubali?"

"Marahaba, mwanangu. Halijakubali. Na halitakubali tena."

Akasogea, akakiangalia kigae. "Wanga wa lini?"

"Nimeupika leo."

"Iodini?"

"Nzima. Tatizo ni mimi."

Akanitazama kidogo. Akachukua bika la mate, akalinusa. Akanyanyua nyusi. Akafungua droo, akatoa kipande cha karatasi ya litmasi ya bluu, akachovya ncha. Karatasi ikawa nyekundu palepale, nyekundu ya aibu.

"Umekula nini asubuhi?"

"Ukwaju kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kuanzia kituoni."

"Mzee Tarimo," alisema, wala hakutabasamu, "amilesi haipendi tindikali. Umeikaanga kabla haijafika kazini. Nenda kasukutue mdomo kwa maji, sukutua vizuri, kaa kidogo, halafu uteme kwenye bika jipya. Na hiki kiyoyozi tukizime, au kesho mirija yote iwekwe kwenye maji ya uvuguvugu. Baridi hii ndiyo iliyowachelewesha wiki iliyopita, nilitaka kukwambia."

Nikaenda kusukutua. Nilisukutua kama mtu anayetubu. Nikakaa nje kwenye ukumbi, nikarudi, nikatema kidogo sana, kwa tahadhari, jinsi unavyomimina mafuta ya taa ya mwisho kwenye kibatari. Dokta Salma akazimua mwenyewe, akachanganya mwenyewe, akaweka mrija kwenye maji ya uvuguvugu. Mimi nikasimama nyuma ya bega lake nimeshika pindo la koti.

Tone la kwanza jeusi. La pili, jeusi, lakini pembeni kuna zambarau. La tatu kahawia. La nne likashuka kwenye iodini na iodini haikushtuka hata kidogo, ikabaki chai, chai safi ya rangi, chai ya saa nne asubuhi.

"Mungu mkubwa!" nikasema, nikamshika mkono akiwa bado ameshika dropa ya kudondoshea. "Tafadhali, mwanangu, yaliyobaki usiyamwage! Funga bika. Weka kwenye barafu. Ndiyo ya mwisho mwisho hayo."

"Ya mwisho ya nini?"

Hapo ikabidi niseme. Nikamweleza yote, kuanzia Mzee Kibwana na Mzee Sefu na supu, mifuko ya plastiki, uzi wa Mama Neema, besi ya kanisani, mishkaki niliyoipita nimebana pua, mpaka simu niliyompigia Mama Neema sasa hivi asipike ugali. Nikamweleza harusi ya Neema inakuja, na kwamba nilikuwa radhi kuwapa wanafunzi wa kesho tone la mwisho, ila naomba nibakiziwe ya pilau tu, sahani moja, hata nusu.

Dokta Salma aliweka dropa chini. Nikasubiri acheke, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakucheka. Akavuta stuli, akakaa, tukawa macho kwa macho.

"Nani alikwambia yanaisha?"

"Kila kitu kinachofanya kazi kinachakaa."

"Kimeng'enya kikishaukata wanga kinabaki kilekile, Mzee Tarimo, kinageukia mwingine. Na mate yenyewe hayakai kwenye tangi. Tezi zako zinayatengeneza mapya kila siku, sasa hivi tunavyoongea zinatengeneza, na ukila ndiyo zinaongeza. Hakuna tangi. Mpigie Mama Neema, mwambie apike ugali."